VITAMINI NA UGONJWA WA PUMU: JE, ZINASAIDIA?

Katika ziara zetu za mitaani na vigangoni kuna swali moja ambalo tumeulizwa mara nyingi, hata tumeona afadhali tulijibu hapa ili kila jumuiya ipate jibu moja. Swali lenyewe ni hili: "Mtoto wangu ana pumu, nimeambiwa nimpe vitamini. Je, zitamsaidia?"

Wanaouliza ni akina mama wa Kaptembwo na Rhonda, wakulima wa Njoro na Bahati, wafanyakazi wa mashamba ya maua kule Naivasha, na hata walimu. Wengine wameuziwa mikebe ya vitamini na watu wanaopita nyumba kwa nyumba. Wengine wamesikia redioni. Sisi si madaktari, sisi ni wahudumu wa jamii. Lakini tumesoma, tumewauliza wauguzi na maafisa wa kliniki, na pia tumefunzwa na kosa letu wenyewe. Wacha tuanze na kosa hilo.

Kosa tulilofanya

Kuna mama mmoja hapa mjini Nakuru anayeuza mboga. Mtoto wake wa kiume, wa gredi ya tatu, ana pumu tangu akiwa mdogo. Hospitalini alikuwa amepewa inhela mbili: moja ya bluu ya kutumia akibanwa na kifua, na nyingine ya kahawia ya kutumia kila siku asubuhi na jioni, hata kama anajisikia mzima.

Jumapili moja baada ya Misa mama huyu alitujia na mkebe wa vidonge aliouziwa na jirani. Alikuwa ameambiwa ati vina vitamini za kila aina na kwamba "vinasafisha mapafu". Akatuuliza, "Mwalimu, nikimpa hizi kuna ubaya?" Tuliutazama ule mkebe, tukaona umeandikwa vitamini A, C, D na E. Watu walikuwa wengi wakitungoja, nasi tukamjibu kwa haraka: "Hapana mama, vitamini haiwezi kumdhuru mtoto."

Jibu hilo lilikuwa rahisi, tena lilikuwa baya. Hatukumwuliza pesa za kununua mkebe zilitoka wapi. Kumbe mkebe mmoja ulimgharimu zaidi ya kodi ya chumba chake kwa mwezi. Inhela ya kahawia ilipokwisha, hakununua nyingine. Hakuwa mjinga wala mzembe. Aliona hawezi kulipia vyote viwili, na ile dawa ya kahawia hakuwahi kuiona ikifanya kazi yoyote, hali vidonge vilikuwa na maelezo mazuri sana.

Wiki ya sita, usiku wa baridi, mtoto alibanwa. Inhela ya bluu nayo ilikuwa karibu kwisha. Alipelekwa hospitali kwa bodaboda saa nane usiku, hawezi kusema neno, midomo imebadilika rangi. Alilazwa siku tano. Twamshukuru Mungu kwamba leo yuko shuleni.

Tulipomtembelea wodini, mama yake hakutugombeza. Alisema tu, "Lakini si ninyi mliniambia haina ubaya?" Maneno hayo hatujayasahau.

Pumu ni ugonjwa gani?

Hewa tunayovuta hupita katika mirija inayogawanyika kama matawi ya mti mpaka ndani kabisa ya mapafu. Kwa mtu mwenye pumu mirija hiyo ina uvimbe wa ndani ambao haumalizi kuisha. Hata siku ambayo hakohoi, uvimbe mdogo upo. Kisha anapokutana na kitu kinachomsumbua, mambo matatu hutokea pamoja: misuli inayozunguka mirija hukaza, kuta za ndani huvimba zaidi, na makamasi mazito huziba nafasi iliyobaki. Ndipo tunasikia ile sauti ya filimbi kifuani.

Vitu vinavyosumbua tunavyo tele katika sehemu zetu. Watu husema jina Nakuru latokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na anayeishi hapa wakati wa kiangazi haihitaji kuelezwa. Kuna baridi ya Molo, Elburgon na Mau Narok. Kuna vumbi la ngano na mahindi wakati wa mavuno. Kuna moshi wa kuni, makaa na mafuta ya taa ndani ya chumba kimoja ambacho watu hupika na kulala. Kuna moshi wa takataka zinazochomwa, moshi wa sigara, mende, na mafua ya kawaida, ambayo kwa watoto ndiyo huanzisha mashambulio mengi.

Kuna watu wanaosema pumu ni ugonjwa wa Wazungu au wa matajiri. Si kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulipima pumzi za watoto wa shule baada ya kukimbia, wengine Nairobi na wengine Murang'a mashambani. Mirija ilionekana kubana kwa watoto karibu 23 katika kila 100 wa mjini, na 13 katika kila 100 wa mashambani. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ajili yake. Wengi wa wanaokufa ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini kama yetu, ambako dawa za kuzuia haziwafikii wote.

Inhela mbili, kazi mbili

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Inhela ya bluu kwa kawaida ina salbutamoli. Kazi yake ni kulegeza misuli iliyokaza. Hufanya kazi kwa dakika chache, mgonjwa akapumua, na kwa sababu hiyo watu huipenda. Lakini haigusi ule uvimbe wa ndani. Ni kama kufungua dirisha chumba kikijaa moshi ilhali jiko bado lawaka.

Inhela ya kahawia kwa kawaida ina dawa ya steroidi kama beklometasoni. Hii ndiyo hupunguza uvimbe wenyewe. Haileti nafuu ya papo hapo, kazi yake huonekana baada ya siku na wiki za kuitumia bila kukosa. Ikifanya kazi vizuri, mzazi haoni kitu chochote: hakuna kukohoa usiku, hakuna kukimbizwa hospitali. Kwa kuwa hakuna kinachoonekana, watu huiacha. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki nacho kikiachwa hupungua haba na haba mpaka siku ya shambulio.

Wengine huogopa wakisikia neno steroidi. Dawa inayovutwa huenda moja kwa moja kwenye mapafu, kwa hivyo kiasi chake ni kidogo sana kuliko cha vidonge. Baada ya kuitumia, mgonjwa asukutue mdomo kwa maji na kutema, ili asipate utando mweupe mdomoni. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu uitwao GINA umesema kwamba watu wazima na vijana wa miaka 12 na zaidi wasitibiwe kwa inhela ya salbutamoli peke yake. Rangi zaweza kutofautiana kulingana na kampuni, kwa hivyo soma jina la dawa au mwombe mhudumu akusomee.

Fikira ya vitamini ilitoka wapi?

Tusiwacheke wanaouliza habari za vitamini, maana hata wataalamu wakubwa waliulizana swali hilo hilo. Waliopima damu za watu waliona kwamba wenye vitamini D kidogo mara nyingi walikuwa na pumu yenye kusumbua zaidi. Na vitamini D kweli husaidia kinga ya mwili, si mifupa tu. Kwa hivyo ilikuwa haki kufikiri kwamba tukiwaongezea vitamini D, pumu itatulia.

Lakini hebu tufikiri pamoja. Vitamini D mwili huitengeneza wenyewe ngozi ikipata jua. Sasa mtoto mwenye pumu kali hufanyiwa nini? Hufungiwa ndani. Huambiwa asikimbie, asitoke kwenye vumbi, asicheze na wenzake. Basi huenda si upungufu wa vitamini ulioleta pumu, bali pumu ndiyo iliyomnyima mtoto jua. Vitu viwili kuonekana pamoja si dhamana kwamba kimoja kimezaa kingine. Njia ya kujua ni moja: kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, nusu wapewe vitamini, nusu wapewe kidonge kisicho na kitu, wote waendelee na dawa zao, kisha wafuatwe kwa miezi.

Majaribio hayo yamefanywa. Mwaka 2016 wataalamu wa kundi la Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote na kuyapima kwa pamoja, walitangaza kwamba vitamini D ilionekana kupunguza mashambulio makali. Habari hiyo ilienea sana, na mpaka leo wauzaji wengine huitaja. Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2020 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya jaribio la watoto 192 wenye pumu na vitamini D kidogo. Nusu walipewa yuniti 4,000 kila siku. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu ilikuwa wazi kwamba halingeonyesha faida. Mwaka 2023 Cochrane walirudia hesabu yao wakiwa na majaribio mapya na watu zaidi ya 2,000, watoto na watu wazima. Safari hii faida haikuonekana. Walisema wazi kwamba waliopimwa wenye pumu kali sana au upungufu mkubwa sana wa vitamini D walikuwa wachache, kwa hivyo juu ya hao utafiti zaidi unahitajika. Lakini kwa mgonjwa wa kawaida jibu lilikuwa hapana.

Twapenda msomaji aone jambo hili vizuri. Wataalamu hao walisema kitu mwaka 2016, na walipopata ushahidi zaidi wakakibadilisha bila kuona haya. Muuzaji wa mikebe yeye bado yuko mwaka 2016.

Je, vitamini nyingine?

Vitamini C na E nazo zimejaribiwa. Cochrane walizitazama mwaka 2014 na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuzipendekeza kwa pumu. Majaribio yalikuwa machache na madogo.

Kuhusu vitamini A na jamaa zake, kuna funzo moja kutoka Finland ambalo kila anayesema "vitamini haiwezi kudhuru" yampasa alijue, sisi tukiwa wa kwanza. Kule wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waliingizwa katika jaribio. Baadhi yao walipewa betakarotini, ile rangi iliyo ndani ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ilitumainiwa kwamba itakinga mapafu yao na saratani. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, waliopewa betakarotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa, kwa kiasi cha asilimia 18. Jaribio kama hilo Marekani lilisimamishwa mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Karoti haikumdhuru mtu. Vidonge ndivyo vilivyodhuru.

Kadhalika, vitamini A nyingi kupita kiasi huumiza ini na huweza kuharibu mimba. Vitamini D nyingi kupita kiasi huleta kutapika na kuharibu figo. Vitamini C ikizidi mwili hutoa nyingi kwa mkojo, lakini A, D na E huwekwa mwilini na kulundikana. Mama akimpa mtoto vidonge vya mkebe, na mafuta ya samaki ya chupa, na sharubati ya vitamini, huenda anampa kitu kile kile mara tatu bila kujua.

Jambo lingine: huenda umesikia kwamba mgonjwa wa pumu aliyezidiwa huwekewa magnesiamu hospitalini. Ni kweli, lakini hiyo ni dawa ya kupitishwa kwenye mshipa, madaktari wakiwa karibu. Haina uhusiano na vidonge vya magnesiamu vya dukani.

Vitamini zina kazi yake

Hatusemi vitamini ni uongo. Kuna mahali ambapo vitamini ni msaada halisi wa matibabu, na tunaziona kazi zake kila siku.

Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia isoniazidi hupewa vitamini B6, kwa sababu dawa ile huweza kuharibu mishipa ya fahamu, na B6 huzuia. Mtoto wa miezi 6 mpaka 11 hupewa tone la vitamini A la yuniti 100,000, na kuanzia mwaka mmoja mpaka kabla ya kutimiza miaka mitano hupewa yuniti 200,000 kila baada ya miezi sita. Mama mjamzito hupewa madini ya chuma na foliki asidi. Mtoto mwenye matege hutibiwa kwa vitamini D na kalisi. Hata katika pumu, mgonjwa anayelazimika kumeza vidonge vya prednisoloni kwa muda mrefu, daktari anaweza kumwongezea vitamini D na kalisi. Lakini hapo zinalinda mifupa yake, hazitibu pumu.

Tazama mifano hiyo. Kila mmoja una sababu inayojulikana, kiasi kinachojulikana na muda unaojulikana, na mhudumu anaandika kwenye kitabu cha mtoto au kadi. Tena nyingi hutolewa bure kwenye vituo vya serikali na vya misheni. Vitamini ya namna hiyo ipokee. Ile ya mkebe isiyo na sababu, kiasi wala mwisho, iulize maswali.

Jua na sufuria

Nakuru iko karibu kabisa na ikweta. Jua la kutengeneza vitamini D tunalo mwaka mzima, bure. Hata hivyo tusijisifu mno. Uchunguzi wa tafiti za Afrika nzima uliochapishwa mwaka 2020 na wataalamu, wakiwemo wa hapa Kenya, ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja katika kila watatu waliopimwa alikuwa na vitamini D chini ya kiwango kinachotakiwa. Jua lipo, lakini watu wako ndani. Kwa hivyo usimfungie mtoto wa pumu chumbani mwaka mzima. Pumu yake ikitunzwa vizuri kwa dawa ya kuzuia, anaweza kucheza mpira kama wenzake, na jua atalipata humo humo.

Vitamini nyingine ziko sokoni. Sukuma wiki, managu, terere, kunde na mchicha. Malenge, karoti, na viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Mapera, machungwa, papai na maembe. Mayai, maziwa, omena na samaki. Mboga usizichemshe mpaka ziwe nyeusi, kisha ukamwaga maji yake, maana vitamini C huharibiwa na moto mwingi na huenda na maji. Zioshe kwanza, ndipo ukate, upike kwa muda mfupi. Chakula hiki hakiponyi pumu, tusidanganyane, lakini hujenga mwili wa mtoto, na mtoto mwenye lishe hushindana na mafua na nimonia vizuri zaidi.

Shilingi ianze wapi?

Ndugu msomaji, hapa ndipo kiini cha habari yetu. Katika nyumba nyingi tunazotembelea swali si "vitamini ni nzuri au mbaya?" Swali ni "nina shilingi hizi, ninunue nini kwanza?" Basi sisi twapendekeza utaratibu huu:

1. Inhela ya kuzuia, ile ya kila siku, isikose. Hesabu mivuto iliyobaki na uanze kutafuta nyingine wiki mbili kabla haijaisha. Si kila zahanati huwa nayo, kwa hivyo uliza pia hospitali za misheni na ulinganishe bei za maduka mawili matatu. Kumbuka pia kwamba NHIF iliondoka mwaka 2024 na mahali pake pakachukuliwa na SHA. Jiandikishe, kisha uulize kituoni kwako ni huduma gani inalipiwa.

2. Inhela ya salbutamoli iwepo nyumbani, na mwalimu wa mtoto ajue ilipo.

3. Chupa ya kuvutia dawa. Hii haigharimu chochote, tutaieleza hapa chini.

4. Moshi utoke ndani. Hamisha jiko nje au karibu na mlango, wazi dirisha, mtoto asilale chumba kinapopikiwa, na baba asivute sigara nyumbani.

5. Mboga, matunda, na yai.

6. Baada ya hayo yote, kama bado kuna pesa na mhudumu wa afya amepima au ameona sababu, vitamini.

Ukiona muuzaji anaiweka namba 6 mahali pa namba 1, ujue anajisaidia yeye.

Chupa ya plastiki

Watoto wengi hupuliziwa inhela moja kwa moja mdomoni, na dawa nyingi huishia kwenye ulimi. Ndiyo maana hospitali hutumia kifaa cha katikati kinachoshika dawa mpaka mtoto aivute taratibu. Kifaa hicho dukani ni ghali kwa wengi. Lakini mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, wakiongozwa na Heather Zar, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotengenezwa vizuri iliwasaidia watoto waliobanwa sawa na kifaa cha kununua.

Chukua chupa safi ya maji ya mililita 500. Ioshe kwa sabuni na uiache ikauke yenyewe, usiifute ndani. Pasha waya moto, ukiwa umeukunja kwa umbo la mdomo wa inhela, utoboe kwenye kitako cha chupa ili inhela iingie na kubana kabisa. Ziba pembeni kwa gundi au utepe hewa isipite. Tikisa inhela, iingize, mtoto aweke midomo yake kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, naye apumue ndani na nje taratibu mara tano au sita. Ikiwa ameandikiwa mivuto miwili, tikisa na urudie, usibonyeze miwili kwa pamoja. Mtoto mdogo sana huhitaji barakoa, kwa hivyo mwulize muuguzi. Na mara ya kwanza mpelekee muuguzi chupa yako aikague.

Dalili ambazo hazingoji

Mtoto au mtu mzima apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane, ikiwa hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mbavu au shingo zinaingia ndani akivuta hewa, midomo imebadilika rangi, anasinzia au amechanganyikiwa, au inhela ya bluu haimpi nafuu ama nafuu inaisha upesi. Mkalishe wima, usimlaze. Mpe inhela ya bluu kwa chupa, mvuto mmoja mmoja mpaka minne, mkiwa mnatafuta gari. Msingoje asubuhi. Msipoteze wakati kwa kumpa chai, asali wala kidonge cha vitamini.

Maswali ya kumwuliza muuzaji

Akija mtu na mkebe, mkaribishe kwa heshima, kisha umwulize: Hii inatibu nini hasa? Kiasi gani kwa mtoto wa umri huu? Kwa muda gani? Je, niendelee na inhela zake? Akikujibu kwamba uache inhela, msindikize mpaka mlangoni. Akisema "hii inatibu pumu, kisukari, presha na uzazi", msindikize pia. Na ikiwa tayari unampa mtoto vitamini, usione aibu kumwambia daktari. Peleka mkebe kliniki ausome.

Na sisi wahudumu, makatekista na viongozi wa jumuiya, tuna swali letu. Mtu akituuliza kama kitu kina ubaya, tusijibu kabla ya kumwuliza: "Ukinunua hiki, utaacha kununua nini?" Swali hilo ndilo lililotushinda kuuliza ile Jumapili.

Yule mama tuliyemtaja mwanzoni sasa ana chupa mbili za kuvutia dawa, moja nyumbani na moja shuleni. Inhela ya kahawia huinunua kwanza kabla ya kulipa deni la kibandani, naye amewafundisha majirani wanne kutengeneza chupa. Ule mkebe bado anao. Siku hizi anahifadhia chumvi.

Jumuiya inayotaka tuje kuonyesha namna ya kutengeneza chupa na itume ujumbe kupitia ofisi ya parokia. Njooni na chupa zenu, na inhela mnazotumia.